Mkeka wa Vitanda Viwili

Jumamosi ile duka la vifaa vya michezo lilifurika mpaka mlinzi wa mlangoni akaacha kusalimia watu. Watoto walidundisha mipira ambayo wazazi wao hawakuwa na mpango wa kuinunua, spika zilipiga kelele za punguzo, na katikati ya vurugu hiyo, kwenye njia ya kwenda kaunta, mwanamke alikuwa amelala kifudifudi juu ya mkeka wa yoga, paji la uso chini, mikono imenyooshwa mbele. Alivaa suruali ya kubana ya kijani iliyokoza na sweta la sufu lililofika magotini. Watu walikuwa wanamruka.

Mwanamume mmoja hakumruka. Alijikwaa kwenye kisigino cha mwanamke yule, akayumba, akadaka rafu ya chupa za maji.

"Dada! Umezimia?"

"Nanusa," sauti ikajibu kutoka chini.

"Unanusa?"

"Mkeka. Wa mpira mbaya unanuka ukiuwekea pua. Huu haunuki." Akageuza shingo, akamtazama kwa jicho moja. "Lakini aliyeuchora hajawahi kulala chini maishani mwake."

"Kwa nini unasema hivyo?"

"Njoo uone. Huyu ndege anapendeza mkeka ukiwa umetundikwa. Ukishausimamia, mguu wako uko usoni kwake. Ukiinama unabaki unatazama hii kahawia, sijui ni tope au ni nini."

"Ni shina la mti," mwanamume alisema kinyonge.

"Umejuaje?"

"Mimi ndiye niliyeuchora."

Ardhi ingepasuka pale pale, mwanamke angeingia mzima mzima. Aliinuka, akajipangusa magoti, akamtazama vizuri. Mwanamume alikuwa mrefu, mwembamba, na shati lake jeupe lilipigwa pasi kwa bidii, ila lilikuwa na doa la bluu kwenye kola na jingine la njano chini ya mfuko. Wenzake wa karakana ya kiwanda cha mikeka walimwita Madoa. Kila Jumamosi alikuja dukani kujifanya mteja, kuchungulia kama mikeka yake inanunuliwa.

"Samahani," mwanamke alisema. "Nafundisha yoga. Mdomo wangu huwa unanitangulia."

"Usiombe samahani. Nionyeshe tope lingine liko wapi."

Wakacheka mpaka mteja mmoja akawaomba wapishe njia. Mwanamke alitoka pale bila mkeka, lakini namba ya Madoa alikuwa nayo, na njia nzima alijisuta kwa kuichukua haraka haraka namna ile.

Wiki iliyofuata Madoa alikuja darasani. Ukumbi ulikuwa ghorofani, juu ya duka la fundi cherehani, sakafu ya mbao na madirisha marefu yaliyotazama safu ya miti ya barabarani. Kwenye pozi la mti, ambapo unasimama kwa mguu mmoja, Madoa alianguka, akainuka, akaangukia upande wa pili.

"Mwalimu, huyu mti wako unahitaji kuegemezwa nguzo," alisema Mama Pacha, mwanafunzi aliyekuwa na neno kwa kila jambo.

Ilikuwa ni majira ambayo majani huanza kugeuka rangi na kupukutika, na kwa majira hayo Mwalimu alikuwa na utaratibu wake. Kila mwanafunzi alichagua nia moja, jambo moja tu la kubeba kila anapokunjua mkeka, mpaka miti ya nje ibaki mitupu. Nia haikusemwa. Hakuna kuulizana wala kudokezana.

"Ukiisema inageuka gumzo," aliwaambia. "Ikae kati yako na mkeka wako."

Mapenzi hayakuwasubiri. Madoa alipiga simu asubuhi, akapiga mchana, na jioni akapiga kueleza kwa nini alipiga mchana.

"Umelala?"

"Nimelala."

"Mbona unaongea?"

"Naota ndoto mbaya. Kuna mtu ananisumbua kwenye simu."

"Mzuri wa sura?"

"Ana madoa."

Shangazi yake Mwalimu, aliyemlea nusu kwa nusu na mama yake, aliambiwa habari zile akaguna. "Mchoraji? Haya. Angalau hatachoka kukuangalia."

Na Madoa alikuwa mwanamume wa kazi yake kweli. Tangu siku ya dukani aliacha kuchora akiwa amesimama. Alitandika karatasi kwenye sakafu ya karakana, akatambaa juu yake na penseli mdomoni, akalala, akatia alama pale paji la uso linapotua, pale macho yanapoelekea mtu akiinama. Picha zake zikahamia huko. Mtu aliyesimama aliona rangi tupu. Aliyeshuka chini ndiye aliyekuta kitu kinamsubiri.

"Nataka nikuchoree wako," alimwambia siku moja. "Nia yako ni ipi?"

"Nia haisemwi."

"Basi, laazizi. Yaishe."

Hakurudia kuuliza. Hilo ndilo lililommaliza Mwalimu, maana angeulizwa tena angekataa tena. Alasiri moja ya mvua, wamekaa karakanani kila mtu na kikombe chake, akajikuta anasema mwenyewe.

Alikuwa na mdogo wake wa kike. Walilala chumba kimoja, vitanda viwili, tangu utotoni mpaka mdogo mtu alipohamia mji mwingine kikazi. Wakagombana kwenye simu, ugomvi wa kipuuzi, wa maneno ya watu. Mwalimu akamwambia, "Usinipigie tena. Wala Mama usimpigie kumpelekea umbea. Nyamaza mpaka ushike adabu." Mdogo akanyamaza. Akaugua huko huko, akanyamaza. Habari zilipofika nyumbani, kilichobaki kilikuwa kwenda kumzika.

"Mama mpaka leo anauliza," alisema. "Kwa nini mwanangu hakunipigia? Anauliza wageni, anauliza ukuta. Na mimi nakaa hapo nakunywa chai. Nia yangu ni kumwambia kabla majani hayajaisha. Nimeshindwa msimu uliopita na wa kabla yake."

Madoa alimvutia kwake, akamfuta machozi kwa kiganja, akamwachia rangi shavuni. Mwalimu aliondoka pale mwepesi, kama mtu aliyeshusha ndoo kichwani.

Mkeka alioletewa baadaye ulichorwa kwa mkono. Ukisimama ulikuwa wa kijivu tu, rangi ya alasiri ya mvua. Ukishuka ulikiona chumba: kitanda kimoja kimevurugika shuka, cha pili kimetandikwa vizuri sana, mto haujaguswa. Paji la uso lilitua juu ya mto ule. Mwalimu alitua, akalia mpaka pumzi zikamkatika, na alipoinuka alimkumbatia Madoa kwa nguvu zake zote.

"Huu ni wako peke yako," Madoa alimwambia. "Hakuna mwingine atakayelala hapa."

Alimwamini. Kwa nini asimwamini?

Miti ilikuwa imepukutika nusu Mama Pacha alipoingia darasani na furushi la mikeka kwapani. "Mwalimu, mali mpya! Mikeka ya msimu imeingia dukani, nimelichukulia kundi zima." Wakaigawana kwa kelele, wakaikunjua. Kijivu, kijivu, kijivu, sakafu nzima.

Mwalimu hakuelewa alichokuwa anakitazama. Kisha akawaambia washuke pozi la mtoto, magoti chini, paji chini, kama alivyowaambia siku zote, na kicheko cha Mama Pacha kikapanda kutoka sakafuni.

"Jamani, vitanda viwili! Na huyu wa kitanda cha pili yuko wapi? Ameshatoroka kwa bwana!"

Darasa zima likacheka. Hawakuwa na kosa, walikuwa wanawake wema waliochoka na kazi. Mwalimu alisimama juu yao, akatazama migongo yao, vipaji vya nyuso zao juu ya mto wa mdogo wake. Aliongoza darasa mpaka mwisho. Alichosema humo hakukumbuka hata neno.

Simu ya Madoa iliingia kabla hajafunga mlango wa ukumbi, na sauti ilikuwa ya mtu mwenye sherehe.

"Roho yangu! Umeiona? Nilitaka uione mwenyewe!"

"Nimeiona."

"Bosi wa kiwanda aliukuta mchoro ukutani, akashindwa kuondoka. Akasema huu ndio utabeba msimu. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na nimeifanya kwa ajili yako."

"Ulisema ni wangu peke yangu."

"Wa mkono ni wako. Hizo ni chapa tu, mpenzi. Na hakuna anayejua kwamba ni wewe."

"Mimi najua."

Mwalimu alisikia jinsi sherehe ilivyomtoka, akamhurumia, na huruma hiyo ikamuuma kuliko hasira.

"Nilidhani nakuheshimu," Madoa alisema taratibu.

"Wamemcheka, Madoa. Wamelala juu yake wakamcheka, na mimi nikawaambia vuteni pumzi."

Akakata. Madoa alipiga tena na tena, na simu ikaachwa iite. Mwalimu alipungua mpaka sweta likawa linamning'inia. Usiku na mchana alibishana naye kichwani, na mara nyingi alimwacha ashinde, kwa sababu alimpenda na hakuwa na namna ya kuacha.

Shangazi ndiye aliyepiga na habari.

"Kijana wako wa rangi alikuja hapa. Amelia, mwanamume mzima, nimeshindwa hata kumtukana. Amekwenda kiwandani akawashika miguu mpaka wakaitoa ile mikeka madukani. Na juu ya hayo wamemfukuza kazi."

"Amekwambia ni mikeka gani?"

"Amekataa. Anasema siyo yake kusema. Mwanangu, kama bado unamtaka, msamehe. Na kama humtaki niachie mimi, nina ukuta unabanduka."

Mwalimu alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile, kisha kicheko kikageuka kilio na Shangazi akangoja kwenye simu mpaka kikaisha. Siyo yake kusema. Kumbe Madoa alikuwa ameelewa. Siku hiyo hiyo alimwandikia: Njoo kwangu kesho.

Madoa alikuja mchana, amekonda, shati jipya halina hata tone la rangi. Mwalimu alivaa gauni la zambarau ambalo Madoa alilipenda, akajidanganya kwamba ndilo pekee lililokuwa safi. Walikaa kwenye kochi, magoti yanakaribiana. Nje miti ilikuwa mitupu.

"Umekula?" Mwalimu alimuuliza.

"Sijui."

"Hujui kama umekula?"

"Wewe je?"

Wakatabasamu kwa aibu, kama wageni. Madoa akaingiza mkono mfukoni, akatoa kiboksi kidogo, akakiweka juu ya meza bila kukifungua.

"Sikuja kukulazimisha," alisema. "Nimekuja kusema nilikosa, na si kwa sababu uligundua. Nilichukua kitu chako. Hata ukinifukuza leo nitaendelea kukuomba radhi. Lakini usiponifukuza, nioe. Yaani, nikuoe. Unaona? Nimesahau hata nani anamuoa nani."

Mwalimu alicheka, akakitazama kile kiboksi, na moyo wake ulishasema ndiyo. Alitaka jambo moja tu kwanza. Alitaka kumwambia kilichotokea jana yake, maana hakuwa na mtu mwingine duniani wa kumwambia.

"Nimemwambia Mama," alisema.

Madoa akamshika mkono. "Ee Mungu wangu. Akasemaje?"

"Alikuwa anaosha vyombo. Nilimwambia yote, neno kwa neno, nilivyomkataza asipige. Mama hakugeuka. Akaosha kikombe, akakiosha tena. Nikajua atanilaani. Nilitaka anilaani. Akasema, 'Kumbe alikuwa anakutii.' Basi. Akakifuta kile kikombe, akasema, 'Mwanangu alikuwa mtiifu,' na akatabasamu, Madoa, alitabasamu, na mimi nikaanguka pale pale jikoni nikamshika miguu..."

Kilio kikamshinda. Alilia kwa sauti, pua na macho, bila kujificha, akisubiri kuvutwa kifuani. Hakuvutwa. Akainua uso.

Madoa alikuwa anamtazama. Alikuwa na machozi ya kweli yanayomtiririka, lakini nyuma ya machozi yale macho yalikuwa yamejikunja kidogo, yanapima. Na kwenye goti lake, kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kinatembea juu ya kitambaa cha suruali: mstari wa mgongo ulioinama, duara la kikombe.

"Unachora," Mwalimu alisema.

Kidole kikasimama. Madoa alikitazama kama si chake, na rangi ikamtoka usoni.

"Sikujua. Haki ya Mungu, laazizi, sikujua kwamba..."

"Naamini hukujua."

"Nitaacha kuchora. Leo hii. Nitafanya kazi nyingine, nitabeba hata mizigo."

"Usiache. Nitakuwa nimeolewa na nani?"

"Basi nipe muda nijifunze. Nakupenda. Unajua nakupenda."

"Najua, mpenzi wangu. Na mimi nakupenda mpaka naumwa." Alimshika uso kwa mikono yote miwili. "Lakini nitalia tena. Mama yangu atakufa siku moja. Tukijaliwa watoto, wataumwa. Na kila nikilia, badala ya kulia, nitainua kichwa kuangalia mkono wako."

Madoa alijaribu kutafuta la kujibu na Mwalimu akamngojea kwa dhati, kwa sababu angeambiwa neno lolote la kushika angelishika. Hakulipata. Alichukua kiboksi, akakirudisha mfukoni pamoja na mkono wake, na mkono akauacha humo humo hata walipokumbatiana mlangoni. Walikumbatiana muda mrefu.

Mwalimu alifunga mlango, akazisikiliza hatua zikishuka ngazi mpaka zikapotea barabarani. Kisha akakaa sakafuni na gauni lake zuri, akalia mpaka akachoka, na hapakuwa na mtu wa kumtazama.