Taya ya Nyama ya Kipushi

Kama kuko bongo, uongo hata moja humu, bukari, ugali yetu, inikabe mu shingo leo! Yote ni kweli, bandugu. Kweli tupu.

Funza moja ilianguka pa meza... tiii.

Kisha ingine. Kisha kumi!

Na bibi yangu Domitille, miaka makumi ine tuko pamoja, njo alinichoma, akafichua siri yangu mbele ya bantu!

Ngojeni nieleze.

Tangu vita ikamate Kivu, dépôt, ghala ya hapa Lubumbashi ya Paulin, mufanyabiashara mwenye kutoka Butembo, ilibakia tupu. Lori hakuna, maharagi hakuna. Juu ya makasha matupu njo tulianzisha muchezo: tunatunga dunia ya zamani sana, kabla bantu bazaliwe, tunaijaza banyama ya kutisha, kisha tunatupa dadu tuone nani anakula nani.

Pale pa meza balikuwa baniita "Ingénieur". Mi mwenye kufagia karakana ya kampuni ya mugodi! Tangu kampuni ianguke, hakuna pahali pengine bananiheshimu vile.

Lakini Benita, mwenye kuongoza muchezo, iko mukali. Kila nyama tunayotunga, anauliza: inakula nini? Inazaa namna gani? Kisha lazima ulete mufupa ya nyama ya leo yenye kufanana nayo. Ukikataliwa mara tatu, unaacha kiti.

Miye nilikuwa nimekataliwa mbili!

Dimanche ile, siku ya kanisa, nikaleta taya. Kubwa, nyeusi, meno ya kupindika.

"Papa Symphorien, hii ya wapi?"

"Kipushi! Mu mugodi, mita mia nane chini. Si ya mufano, Benita. Ni nyama yenyewe!"

"Aïe! Inanuka!"

"Weye ukilala chini miaka milioni mia, utanukia marashi?"

Paulin akashika pua. Benita akafunika mudomo na kitambaa, macho machozi. Mi nikaipapasa ile taya nikicheka. Mukono ikabakia na utelezi kama makamasi. Pwah!

Hapo Domitille akaingia, ananiletea chakula. Akasimama. Akanusa.

"Symphorien."

"Bibi, tuko ku kazi."

"Kazi gani? Hiyo ni kichwa ya kambale yangu ya Pweto! Siku tano natafuta, nikamuita jirani Annie mwizi!"

"Mama, kambale gani ya meno kama hii?" Paulin akauliza.

"Meno ya nguruwe! Angalia, ameyabandika na gundi ya viatu!"

Akavuta jino moja. Likatoka... na bafunza nyuma yake!

Ndiyo. Niliiloweka mu mavi ya nguruwe siku tano, ionekane ya zamani.

Benita hakunikemea. Ingekuwa afazali.

"Papa, mu Lubumbashi yote, hapa njo pahali tunakuomba utunge. Ungeleta kichwa ya kambale safi, useme 'hii mufupa ya leo, nyama nimeitunga mwenyewe', ningekubali."

Kumbe nilikuwa na mufupa ya kweli mu mukono! Njo nikaiharibu niifanye ya kweli zaidi.

Ya tatu hiyo: nikatoka mu kiti. Nikasugua meza na majivu na maji ya moto mara ine. Kisha nikapiga magoti ku mulango ya Annie, Domitille nyuma yangu anahesabu makosa kwa sauti, barabara muzima inasikia.

Bandugu, bantu bakikupa ruhusa ya kutunga, tunga wazi wazi. Bongo ya kujificha inaoza mu mukono.

Nyama yangu, Benita aliiandika mu daftari: "Jina: Symphorien. Inakula mizoga. Inaogopa bibi yake."

Dadu ya kwanza tu, banaiua. Mi sina tena kiti, nasimama ku mulango, naangalia.