Kiondo Kisicho cha Moto

Kila alasiri Nduta alipotoka shule, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwasha moto jikoni kwa Cucu. Cucu alikuwa mama wa nyanya yake, mwanamke wa miaka tisini na mitatu, na pale kijijini Giakanja hakuna aliyemwita kwa jina jingine ila hilo la Kikuyu lenye maana ya nyanya. Nduta alikuwa akimkuta ameketi kwenye kigoda, rozari shingoni, akiunda sanamu ndogo kwa waya na maganda makavu ya mgomba kutoka kiondo kilichokuwa kando yake.

"Chukua maganda ya kuwashia nje," Cucu alikuwa akimwambia. "Kiondo hiki si cha moto."

Kila Majilio, Cucu aliliandalia kanisa pango la Krismasi: Maria, Yosefu, wachungaji na mbuzi. Padre alipomuuliza kwa nini si kondoo, alimjibu, "Padre, mimi nimefuga mbuzi. Kondoo siwajui."

Sanamu hizo zilitunzwa mwaka hadi mwaka, isipokuwa Mtoto Yesu. Yeye aliundwa upya kila mara, maana mtoto mchanga alipofariki kijijini, Cucu alikwenda kanisani, akamchukua Mtoto Yesu na kumlaza katika jeneza la yule mdogo. Zamani, wakati wa Hali ya Hatari ya wakoloni, Cucu mwenyewe alimzika mwanawe mchanga bila kitu, hata kitambaa.

Mwaka ule aliunda wawili. "Mmoja ni wa kanisa," aliwaambia jamaa zake. "Huyu wa pili ni wangu. Siku yangu ikifika, nilazwe naye." Akamfunga kwa maganda, akamtia kiondoni.

Siku yake ilifika upesi.

Siku moja kabla ya mazishi, mvua ilinyesha asubuhi nzima. Waombolezaji walijaa nyumbani. "Nduta! Chai iko wapi?" Nyanya Wamucii, binti wa Cucu, aliita. Maganda ya kuwashia yalikuwa yamelowa chepechepe. Nduta alikuwa amechoka kulia na kutumwatumwa. Alitia mkono katika kiondo cha Cucu, akachomoa furushi la maganda na kulisukuma mekoni bila kuangalia.

Moto ulishika vizuri sana. Kisha akaona katikati ya ndimi za moto waya mdogo wenye kichwa, mikono na miguu.

"Mungu wangu!" Nduta alishtuka. Aliufunika waya kwa majivu, akapeleka chai.

Alasiri Nyanya Wamucii alikuja kuchukua nguo za Cucu na yule Mtoto Yesu. Nguo zilikuwepo. Mtoto hakuwepo. Mtu akasema Griffins, binamu yake Nduta mdogo kutoka Karatina, alionekana asubuhi akichezea sanamu ya mbuzi aliyoitoa kiondoni mwa Cucu.

"Umempeleka wapi?" Mjomba Mathenge, babake Griffins, alinguruma, akamzaba kofi.

"Haki ya Mungu, si mimi!"

"Ati amemwibia maiti!" watoto wengine walinong'onezana.

Nduta alisimama na sinia la vikombe. Angenyamaza, nani angejua? Lakini Griffins alikuwa akilia kwa kwikwi huku akimtazama yeye, maana kati ya jamaa wote alimpenda Nduta zaidi. Nduta aliweka sinia chini.

"Mjomba, mwache. Ni mimi. Nimemchoma nikipika chai."

Nyanya Wamucii alikaa kwenye kigoda cha Cucu. "Mama alimzika mtoto wake hivi hivi," alisema huku machozi yakimtiririka. "Na yeye pia tumzike mikono mitupu?"

"Si tuchukue yule wa kanisani?" Mjomba aliuliza.

"Yule ni wa watoto wanaofariki," Nyanya alijibu.

Nduta alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaanza kulia.

"Kulia hakuundi kitu," Nyanya alimwambia. "Cucu hakukufundisha?"

"Alinifundisha. Nilikuwa nikichoka kabla ya kufika miguuni."

"Leo hutachoka."

Nduta alifukua waya majivuni. Maganda yalimkatikia mkononi, akaanza tena. Yalimchana vidole, akaanza tena. Griffins alimlowekea maganda yalainike, na Mjomba Mathenge alikuja akapiga magoti mbele ya mwanawe. "Nisamehe, baba," alisema. Jioni Mtoto Yesu alikuwa tayari, kichwa kikubwa, mguu mmoja mfupi.

"Ni mbaya," Nduta alisema.

"Ni mbaya," Nyanya alikubali. "Lakini yupo."

Siku ya mazishi, kabla ya jeneza kufungwa, Nyanya alimlaza mikononi mwa Cucu, akamzungushia rozari. Kisha akamshika Nduta bega.

"Alichounda Cucu kimeteketea, hakirudi. Hilo utaishi nalo. Lakini ungenyamaza, Cucu angelala mikono mitupu, na Griffins angeitwa mwizi hadi uzeeni. Ukiharibu, sema mapema, mikono ingali na muda wa kutengeneza."

Baada ya Krismasi, mtoto mchanga wa jirani yao Gatimu alifariki. Nduta alikwenda kanisani bila kutumwa, akamchukua Mtoto Yesu na kumpelekea mama wa mtoto. Aliporudi nyumbani, alishusha kiondo cha Cucu, akaloweka maganda, akaketi kwenye kigoda.