Uso Kwenye Ukuta wa Soko

"Fungua picha niliyokutumia, kisha uniambie huyo ni nani."

Hanifa aliiacha mbuzi ya nazi, akapangusa mikono kwenye leso na kufungua simu. Amin alikuwa bado hewani, akingoja. Picha ilionyesha ukuta wa soko la Msambweni, ngazi, makopo ya rangi, na katikati ya ukuta uso wa mwanamke, mkubwa kama mlango wa duka. Yalikuwa macho yake. Ilikuwa pua yake, na kidevu chake chenye kishimo, ambacho hakuna dada yake hata mmoja aliyebahatika kukipata.

"Huyu ni mimi," alisema.

"Vizuri umekiri mwenyewe. Aliyekuchora je?"

Hilo halikuhitaji jibu. Msambweni nzima mwenye mkono wa kuchora hivyo ni mmoja, anaitwa Sefu, na kabla ya Amin kutokea, Hanifa alikuwa wa Sefu.

"Amin, wallahi sijui lolote. Sijakaa mbele ya mtu nikachorwa."

"Nakuamini. Lakini picha imeshaingia kwenye makundi yote ya familia. Mama yangu ameletewa na majirani, na kila jirani ameongeza chumvi yake."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Ufutwe kabla ya Jumamosi. Siku ya Utamaduni watu watatoka Diani, watatoka Kwale mjini mpaka Lunga Lunga. Sitaki mke wangu awe kitu cha kupigiwa picha sokoni, tena kwa mkono wa mtu yule. Usipofutwa, hiyo Ijumaa yetu sijui itakuwaje."

Akakata simu. Ijumaa yenyewe ilikuwa ya wiki iliyofuata, na ilikuwa ya harusi.

Tusimwandame Amin mapema. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Ukunda, alikuwa na adabu, na posa yake ilifika siku ile ile aliyosema itafika. Sefu naye, miaka mitatu nyuma, aliahidi kuleta washenga baada ya Idi. Idi ikaja, Idi ya pili ikaja, na Sefu akasikika yuko Malindi anachora samaki kwenye kuta za hoteli. Hakupiga simu. Alirudi juzi tu, kwa kazi ya ukuta.

Bi Twaiba, mama yake Hanifa, alikuwa kando ya mlango anachagua mchele.

"Mama, Sefu amenichora ukutani."

Bi Twaiba aliitazama simu kwa muda mrefu kuliko picha ilivyohitaji.

"Mkono wake haujaharibika," alisema.

"Mama, harusi yangu iko Ijumaa ijayo. Amin amekasirika."

"Nimesikia. Nenda ukamwulize aliyechora."

"Nikamwulize nini? Nakwenda kumwambia afute."

"Uliza kwanza, mwanangu."

Lakini Hanifa alikuwa keshavaa buibui, yuko mlangoni anatafuta kiatu cha pili.

Sokoni, wa kwanza kumwona alikuwa Elijah, kijana wa bara mwenye kibanda cha simu mkabala na ukuta.

"Eh, madam mwenyewe," alisema. "Niliipost asubuhi, ime-trend mbaya."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Si iko kwa ukuta? Ukuta ni ya kila mtu."

Hanifa hakuwa na muda naye. Alivuka barabara akasimama chini ya ngazi.

"Nifute, Sefu."

Sefu alikuwa juu, ameupa mgongo ulimwengu. Brashi ilisimama.

"Asalaam aleikum, Hanifa."

"Waaleikum salaam. Nifute."

"Nikufute wapi?"

"Usijifanye hujui. Uliniacha nakungoja, nikanyamaza. Nimepata mtu wa kunioa, nikamshukuru Mungu. Sasa umerudi kunibandika sokoni wiki moja kabla ya harusi yangu. Nimekukosea nini?"

Sefu aliteremka polepole. Alikuwa amekonda, na nywele zilikuwa na rangi ya bluu upande mmoja. Hanifa alijikasirikia kwa kuyaona hayo.

"Sijakuchora wewe," alisema.

"Mji mzima umeniona."

"Mji umeona kazi ambayo haijakwisha. Masikio bado, nguo bado, mikono bado." Alifuta vidole kwenye suruali, akatoa picha kutoka mfuko wa shati, imefungwa kwenye karatasi ya nailoni. "Tazama."

Ilikuwa picha ya zamani, nyeusi na nyeupe. Kundi la ngoma ya sengenya, wanaume na ngoma zao nyuma, na mbele yao mwanamke kijana amefungua mdomo anaimba. Macho ya Hanifa, kidevu cha Hanifa. Masikioni amevaa majasi, yale mapambo ya duara ya wanawake wa zamani, ambayo Hanifa hakupata kuyavaa hata siku moja.

"Bibi Mwanapili," Hanifa alisema.

"Ngui wa sengenya, kiongozi wa nyimbo. Kamati ya Siku ya Utamaduni ilitaka watu wa sanaa wa hapa hapa. Pale kushoto atakaa mchonga vinu, kulia msuka mikeka, na katikati yeye."

Hanifa alimjua bibi yake akiwa mzee, uso umekunjamana, sauti imebaki ya kuombea maji. Huyu wa kwenye picha hakuwahi kukutana naye.

Sasa, kwa haki, moyo wake ungetulia. Hakuchorwa. Heshima yake ilikuwa salama na harusi ilikuwa salama. Badala yake moyo ulimuuma, na ulimuuma sana. Tangu nyumbani mpaka sokoni alikuwa amekasirika kwamba Sefu amemchora, na sasa alikuwa na huzuni kwamba hakumchora.

Alimpigia Amin palepale, kabla huzuni haijapata nafasi ya kukaa.

"Amin, si mimi. Ni bibi yangu mzaa baba. Picha yake ninayo mkononi."

"Bibi yako?"

"Mwanapili. Harusi za upande huu wote, yeye ndiye aliyekuwa akiimba."

"Mungu amrehemu. Lakini afutwe."

"Nimekwambia si mimi."

"Nimekuelewa. Ukweli tunaujua mimi na wewe. Watu wanajua walichokiona. Niko njiani, nakuja."

Alikuja na pikipiki yake, na mbele yake kopo la rangi nyeupe kutoka dukani kwake, na brashi mpya. Alimsalimu Sefu vizuri, Sefu akaitikia vizuri. Elijah alitoka kibandani akakaa nje, maana biashara ya simu ilikuwa imelala.

"Hanifa," Amin alisema kwa sauti ya chini, "mimi sina ugomvi na bibi yako. Lakini nani atakaa hapa kumweleza kila mpita njia kwamba huyu si wewe?"

"Mimi nitakaa."

"Mke wangu akae sokoni kuelezea watu michoro?"

"Bado sijawa mkeo."

Amin aliweka kopo chini.

"Basi nikuulize mara moja. Uso huu ubaki, au harusi iwepo?"

Kabla Hanifa hajajibu, Sefu alitia maneno yake.

"Bwana Amin, nipe hiyo rangi. Kama kufuta ndiko kutakakomfanya aolewe kwa amani, nitafuta mwenyewe."

Hanifa alimgeukia, na hasira aliyokuja nayo kutoka nyumbani ikapata kazi upya.

"Wewe nyamaza. Mwaka ule ulikaa peke yako ukaamua, ukaondoka. Uliniuliza? Leo tena unaniamulia. Kopo hilo usiliguse."

Sefu akarudisha mkono.

"Na wewe, Amin," aliendelea, sasa kwa upole, "hujanikosea adabu, nami sitakukosea. Lakini bibi yangu hafutwi. Kama leo nitamfuta yeye kwa sababu ya maneno ya watu, kesho watu wakisema jingine utanifuta mimi. Wazee wetu watakuja kwa wazee wenu, na kila kilicho chenu kitarudi kwa heshima."

Amin alisimama kidogo. Huenda alikuwa akingoja Hanifa alie, au aseme ametania.

"Nimekusikia," alisema.

Akawasha pikipiki akaondoka. Kopo alilisahau. Ilikuwa rangi nzuri, na Sefu baadaye aliitumia kwenye leso ya Bibi Mwanapili pale ukutani.

Nyumbani, wali ulikuwa umeshaiva.

"Ile picha Sefu aliipata wapi?" Hanifa aliuliza.

"Kwangu," Bi Twaiba alisema. "Alikuja kwa adabu, akaomba, nikampa."

"Ulijua tangu asubuhi, na hukuniambia."

"Uliniuliza? Ulikuja na jibu lako mkononi. Nikakwambia uliza kwanza, ukavaa kiatu."

"Mama, nimevunja uchumba."

Bi Twaiba aliacha upawa ndani ya sufuria.

"Kwa ajili ya Sefu?"

"Kwa ajili ya Bibi."

"Hapo sawa," mama alisema, akapakua. Katikati ya chakula Hanifa alilia, mama akamsogezea maji, akaendelea kula.

Kesho yake, Ijumaa, baada ya swala, ujumbe uliingia.

"Hanifa, picha ya Bibi haina mikono. Alikuwa anapiga makofi, ikatoka ukungu mtupu. Naomba mikono yako nitazamie. Ukikataa nitaelewa. Sefu."

Alijibu: "Nakuja na Mama."

Bi Twaiba alikaa kwenye kigoda kivulini, ameupa ukuta ubavu na mazungumzo sikio. Hanifa alisimama chini ya ngazi, mikono juu, viganja vimekaribiana.

"Malindi ulifuata nini?" alimwuliza.

"Kazi ya hapa ilisimama mwezi ule ule wa Idi. Nikaona aibu kuja kwenu mikono mitupu. Nikasema nitarudi nikiwa na kitu. Kila nilichopata nikaona hakitoshi."

"Ungenipigia."

"Najua."

"Nilikungoja, Sefu. Nilikuwa nikisikia gari linasimama, natoka nje."

Sefu alishusha brashi.

"Nisamehe," alisema.

Brashi ilipita ukutani, chwa, chwa. Hanifa alikuwa na swali jingine, na alijua akilisema ataonekana mtoto. Akalisema.

"Kwa nini hukunichora mimi?"

"Nimejaribu. Kule kila karatasi iliyobaki kazini nilikuchora wewe. Hakuna hata moja niliyoiweza. Nikifika machoni naona yananiuliza mbona sikurudi, naacha."

"Yalikuwa yanauliza kweli."

"Inua mikono," Bi Twaiba alisema kutoka kivulini. "Mimi sisikii kitu, lakini Mwanapili alikuwa akipiga makofi juu zaidi ya hapo."

Jumamosi ngoma ziliingia mjini asubuhi. Hanifa alisimama kando ya ukuta kama alivyosema, na kila aliyeuliza alijibiwa.

"Uso ni wa bibi yangu. Mikono ndiyo yangu."

Vijana walipiga picha wakapita. Lakini vikongwe wawili kutoka Gazi walipoyaona majasi walisimama, wakashikana, mmoja akaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa Mwanapili. Kundi la sengenya lililokuwa likipita liliusikia, likageuka, na soko zima likaja kuchezea chini ya ukuta ule. Hanifa alipiga makofi, mikono juu.

Wimbo ulipokwisha, kikongwe mmoja alimwita Sefu.

"Mwanangu, umechora vyema. Lakini ngui gani huyo anakwenda harusini mikono haina hina?"

"Hina bado, bibi. Haijafika wakati wake," Sefu alisema, na hakuwa akimtazama kikongwe.

Jioni simu ya Hanifa ililia. Ulikuwa ujumbe wa Amin. "Nimepita sokoni na Mama. Ameniambia harusini kwake aliimba bibi yako. Sikulijua hilo. Nakutakia heri." Hanifa alisoma mara mbili, akajibu ahsante, na alimaanisha.

Safari hii Idi haikungojwa. Washenga wa Sefu walifika kwao Hanifa kabla ya Ramadhani, wamevaa kanzu zilizopigwa pasi, na Bi Twaiba akajifanya ameshangaa.

Siku moja kabla ya nikaha, Elijah alifungua kibanda akamkuta Sefu juu ya ngazi.

"Buda, si hii kazi ulimaliza?"

"Kuna kitu kilibaki."

Elijah akapiga picha, akaituma kote, maana hiyo ndiyo tabia yake.

Nyumbani Hanifa alikuwa amekaa mkekani, mikono ameinyoosha, hina bado mbichi. Alikuwa ameomba ya kizamani, ile ya kuchovya vidole na kuacha duara moja kiganjani. Simu ikalia, naye hawezi kuishika. Bi Twaiba akaifungua, akamwekea mbele ya macho.

Kwenye ukuta wa soko, vidole vya ngui vilikuwa vimechovywa hina, na kila kiganja kilikuwa na duara moja.

"Haya," mama alisema. "Niambie huyo ni nani."

"Huyu ni mimi," Hanifa alisema.