Filamu Iliyokohoa

Mkebe wa filamu ulipofunguliwa haukunuka siki kama mikebe mingine yenye filamu za zamani zilizooza. Ulinuka pumzi ya mtu aliyetoka kuamka.

"Una hakika hii ni salama?" fundi wa kuunga filamu alimuuliza mumewe, mwenye jumba la sinema.

"Mke wangu, vichekesho bubu kama hiki havipatikani tena. Vingine vimeungua, vingine vimeoza. Na watu wanavipenda, maana mtu akiteleza hahitaji mkalimani. Viunge tu hivyo vipande vitatu, wewe ndiye mwenye mkono mwepesi."

Siku zote kazi hiyo waliifanya pamoja. Safari hii mume hakushika hata mkasi. Alisimama mlangoni kama mgeni.

Ili kujua upande wenye picha, fundi huigusisha filamu mdomoni. Upande huo hunata. Kipande cha kwanza kilimng'ang'ania mdomoni, na alipokibandua koo likamkauka. Kwa cha pili sauti ikaanza kukwaruza. Akaipitisha filamu kwenye mashine kuijaribu, na ile mashine isiyo na spika ikakohoa, tena kikohozi chake mwenyewe, kile cha asubuhi ambacho mumewe hukitania.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Bado kipande kimoja," mumewe alijibu, akiangalia viatu vyake.

Hapo akaelewa, na uchungu ukazidi hofu. "Ulijua humu mna jini."

"Alitaka sauti ya mtu, basi, ili atujazie ukumbi. Mimi ndiye ninayekaribisha wateja, ningempa yangu tungekula nini? Jumba linakufa, mke wangu."

Akamshika kidevu, kwa upole uleule wa siku ya harusi yao, akambandika kipande cha mwisho mdomoni.

Jioni jumba lilifurika. Kwenye filamu bwana mmoja mwenye suruali pana alitumbukia kwenye ndoo, na pazia la sinema likaangua kicheko cha mwanamke, kicheko ambacho fundi alikitoa siku alipochumbiwa, naye akakimbilia mbele, akasimama katikati ya mwanga, akafumbua mdomo, akajipiga kifua, akamnyooshea mumewe kidole, akawavuta makoti waliokaa safu ya mbele awaambie alichotendewa, na hakuna hata mnong'ono uliomtoka.

Watu walidhani ni sehemu ya onyesho. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu.

Aliyeanza kucheka alikuwa mumewe.