Zamu ya Mjomba Hemedi

Kibandua kilifanya kazi bila kelele. Mkono wake, mwembamba kama unywele, ulipenya ubavuni mwa mgonjwa, ukafika kwenye kongosho, ukaanza kubandua.

Dkt. Mwanakombo, aliyekibuni hapa Tanga mwaka 2088, alikuwa amechoka kuwaeleza watu kinabandua nini. Jeni, aliwaambia, ni kurasa za kitabu. Saratani ya kongosho mara nyingi huharibu maandishi yenyewe, lakini wakati mwingine maandishi hubaki salama salimini, ila ukurasa wa jeni mlinzi, ile inayozuia seli zisizaane ovyo, hufunikwa na vibandiko vya kemikali. Mlinzi yupo, kafungiwa chumbani tu. Kibandua humfungulia. Ubaya ni kwamba vibandiko hurudi: mgonjwa asipomaliza awamu kumi na mbili mfululizo, kazi yote ni bure.

Mjomba wake, Mzee Hemedi, alikuwa amemaliza kumi na moja.

"Yuko wapi?" Mwanakombo akauliza Ijumaa ile ya awamu ya mwisho, kitanda kikiwa kitupu.

"Yuko nje, daktari," akajibu muuguzi Chausiku, macho chini. "Ameshampa mtu zamu yake."

Damu ikamchemka. Mzee huyu! Maisha yake yote ni kupisha watu. Msikitini hungoja wote wavae viatu. Harusini hula wa mwisho, sinia limebaki ukoko. Na jiji nalo, kwa ujinga wake, lilikuwa limetunga kanuni kwamba mgonjwa anaweza kumwachia mwingine zamu, na ikishasajiliwa haibadiliki. Mwanakombo akatoka mbio.

"Mjomba! Hisani gani hii ya kujiua? Foleni ni miezi saba! Utaanza upya, kuanzia moja!"

"Najua, mama." Mzee alikuwa ametulia kwenye benchi, kofia mapajani.

"Umempa nani?"

"Kipimo chako cha kongosho wewe umekiahirisha mara ngapi?"

Mwanakombo akahesabu moyoni. Mara nne. Kila mara alimpisha mgonjwa aliyemwona ana haja zaidi.

"Dada yangu, mama yako, alikuwa hivyo hivyo. 'Wiki ijayo, kaka.' Tukamzika na wiki yake ijayo."

"Mimi mzima!"

"Basi chombo chako kiseme."

Ndani, kibandua kikamwita kwa jina. Mwanakombo akaingia akisonya, akavua viatu, akalala. Kikamsoma, kikatangaza kwa sauti ile ile tulivu aliyoifundisha mwenyewe: jeni mlinzi, nusu ya ukurasa imefunikwa. Awamu ya kwanza inaanza.

Alifura kwa hasira, na hakujua amkasirikie nani. Kupitia kioo alimwona mjomba wake akiinuka polepole, mkono ubavuni, akimpisha mama mmoja mjamzito akae.