Taarifa ya Nane

Nyangau alikuwa ameiunda skrini ionyeshe taarifa saba tu kwa wakati mmoja. Siku ya tatu ikatokea ya nane.

"Mzee, umeniongezea kazi," Fardosa alimwambia akicheka. Msichana huyo alisoma taarifa za magonjwa kutoka zahanati za Nyamira, mia sita kwa siku, hadi zikaanza kumchanganya. Ndipo ofisi yao ya Nyanchwa ikamwomba Nyangau amuundie meza, kiti na skrini za kumpunguzia mzigo.

"Sijaongeza kitu. Inasemaje?"

"Sironga, mtoto, kuhara. Lakini haina saa."

Baadaye mchana zahanati ya Sironga ikatuma taarifa hiyo hiyo, neno kwa neno.

Wiki nzima ile ya nane ilitangulia mambo, na Fardosa akaacha kuzisoma zile saba. Akaacha chai. Alhamisi saa nane na nusu, mvua ikipiga mabati, Nyangau alimkuta amekodoa macho bila kupepesa, chumba kizima kikinuka udongo uliochimbwa, vidole vyake vikiandika majina ya wagonjwa ambao hakuna zahanati iliyokuwa imewaona, jina chini ya jina, na la mwisho lilikuwa lake: Fardosa, Nyanchwa, amekata roho, saa tisa.

Mjomba wa Fardosa, Ustadh Shueib, alipigiwa simu, akafika kwa boda boda kutoka dukani. Aligusa mgongo wa kiti, akaurudisha mkono upesi.

"Kilikaliwa kabla yake," akanong'ona. "Nani alikaribisha?"

"Mimi," alisema Nyangau. "Nikiunda kiti huzungumza na mtu asiyekuwepo, nijue mkono wake utafika wapi. Kila asubuhi nilisema: karibu, Mokeira, keti."

"Mokeira ni nani?"

"Mke wangu. Tulimzika Machi."

"Aliyeitika si yeye. Lakini aliyekaribisha ndiye afukuzaye. Mimi nitasoma, wewe mtoe, kwa jina hilo hilo."

Shueib akaanza kusoma Ayatul Kursi. Zilibaki dakika nne kufika saa tisa.

"Mokeira, inuka. Toka."

Fardosa aligeuza shingo taratibu. Sauti iliyomtoka ilikuwa ile aliyoamka nayo Nyangau kwa miaka kumi na tisa.

"Baba Linda, nje kunanyesha."

Linda alikuwa binti wa Nyangau. Fardosa hakuwahi kumsikia akitajwa. Nyangau akaenda mlangoni, akaufungua, akaushikilia huku mvua ikimlowesha viatu, akasema tena toka, kwa upole, kwa kuwa hakujua kumsemesha vingine mwenye sauti ile, mpaka kitu cha baridi kikampitia kifuani, kikasimama hapo muda wa kutosha mtu kubadili nia, kisha kikaenda.

Nyuma yake Fardosa aliomba maji. Nyangau hakugeuka upesi.