Twyla na King'ora cha Cullom

Alhamisi ya tarehe ishirini Mei, saa kumi na moja na dakika kumi na mbili jioni, king'ora cha kuonya vimbunga cha mji wetu wa Cullom, Oklahoma, kilinyamaza. Siku hiyo ndiyo kila kitu kiliharibika. Mke wangu Twyla alikuwa ameshawaambia watu wa kaunti wakipige. Mimi fundi wa mapaa, shule niliachia darasa la nane, lakini masikio ninayo. Tulisikia ndege tu, halafu hata ndege wakakoma.

Nilikutana naye miaka minne kabla, kituo cha mafuta cha njia panda. Magari ya wafukuza vimbunga yalikuwa yamebanana, yana antena juu, na kila aliyeshika bomba la mafuta ametazama magharibi. Yeye alivaa shati la kiume lililokatwa mikono, jinzi ya tope na buti nyekundu. Nywele kazifunga kwa waya wa redio.

"Kaka, wewe mtu au ukuta?" akasema. "Unanizibia wingu."

"Wingu limejaa mbingu nzima, dada. Tazama upande mwingine."

"Upande mwingine ndiyo hiyo sura yako." Akacheka. "Gari lako lina breki?"

"Nusu."

"Inatosha. Nifuate, ila usinipite."

Siku ile nilitakiwa nikaezeke bohari. Sikwenda.

Alinisimamisha kwenye barabara ya changarawe katikati ya mashamba ya ngano. Jamani! Miaka thelathini na mbili nimeishi chini ya mbingu ile nikitazama misumari tu. Wingu lilisimama kama mlima uliong'olewa ukatiwa roho. Lilikuwa linazunguka lote, polepole, tumbo la kijani, na kileleni jeupe ambako jua lilikuwa bado linawaka. Upepo wa vuguvugu ulipita migongoni mwetu kwenda kuingia ndani yake, na ngano yote ikainama kulielekea. Nilijikuta nimevua kofia.

"Unamvulia nani?" Twyla akauliza kwa sauti ndogo.

"Sijui. Nimeona haya kuivaa."

Akanishika mkono. Nadhani ni hapo nilipompenda.

Mvua ya mawe ilipopita aliokota jiwe la barafu kubwa kama ngumi, akaliandikia tarehe, akaenda kulihifadhi kwenye friza yake, pamoja na mengine.

"Wenzio wanaweka nyama," nikamtania.

"Nyama ipo dukani, mpenzi. Hili lilianguka mara moja tu."

Akanifundisha kuwapa watu wa kaunti taarifa redioni. "Usiseme ulipo wewe. Sema kilipo kimbunga. Ukisahau yote, hilo usisahau."

Mwaka uliofuata nilisahau hilo hilo. Yeye anaendesha, mimi nimeshika redio, natumia namba yake, ile kaunti inayompa mtoa taarifa. Mkonga ukashuka kutoka winguni, mwembamba, mweupe, mzuri, nami nikapayuka, "Kimbunga! Cullom, njia panda ya kaskazini!" Pale tulikuwa sisi. Kimbunga chenyewe kilikuwa maili nane mbele, mashambani kusiko na mtu. King'ora kikalia mjini, mahafali ya shule yakavunjika, bibi mmoja akavunjika nyonga kwenye ngazi.

Wakubwa wa kaunti wakamwita Twyla, wakamfokea mbele za watu, wakamnyang'anya namba. Wakamwambia mimi ndiye niliyemtaja. Akanipigia simu.

"Verlon, uliwaambia ni mimi?"

"Sikuwaambia kitu."

"Haya. Hukuwaambia kitu, hata ukweli." Akakata.

Miezi miwili hakupokea simu yangu. Mwezi wa saba nikaenda kwenye kikao chao, nikasimama. "Mdomo ulikuwa wangu. Mrudishieni namba yake." Wakamrudishia. Ila wakubwa hawakosi la kuandika: wakapitisha kwamba toka siku hiyo king'ora hakipigwi mpaka watu wawili watoe taarifa. Wakapeana mikono.

Jioni simu ikalia.

"Nasikia umewavalia tai."

"Ya kuazima."

"Ulipendeza?"

"Nilifanana na maiti."

"Basi njoo nikuone kabla hujazikwa. Na ulete barafu, umeme umekatika, mawe yangu yanayeyuka!"

Nilifika na mifuko sita. Nilimposa palepale, vidole vimekufa ganzi.

"Nimekubali," akasema. "Sasa funga mlango wa friza."

Siku ile ya Mei nilikuwa juu ya paa Mtaa wa Tatu. Kazi ilinibana, kwa hiyo alitoka peke yake. Akanipigia.

"Shuka, mpenzi. Kipo maili tano kusini magharibi, kinakuja kwenu. Nimeshawaambia."

"Rudi nyumbani, Twyla."

"Niko nyuma yake, niko salama. Nikiondoka, kikigeuka nani atasema? Ah, Verlon, ungekiona! Ungevua kofia."

Nilishuka, nikagonga milango. Watu wakaniuliza, king'ora mbona hakijalia? Wengine wakarudi kula. Mtaa wa Tatu tulizika kumi na mmoja. Twyla alikuwa wa kumi na mbili: kimbunga kiligeuka, kikalikuta gari lake barabarani.

Sauti zilizorekodiwa redioni siku ile nimezipata. Alisema sawasawa: kilipo, kinakoelekea, saa. Kisha mwanamume anamjibu, "Tumekupata, Twyla. Tunasubiri wa pili." Barabara ile hapakuwa na mwingine. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu.

Friza yake bado inawaka. Vikao vitatu nimekwenda, kofia mkononi, nikawauliza swali moja, nao wanatazamana, wanapanga karatasi. Nami nikirudi nyumbani najiuliza lile lile.

Walikuwa wanamsubiri nani?